KITI CHA MAGURUDUMU: PIMA MTU, PIMA NJIA, PIMA KIMO

Leo tuongee juu ya kiti cha magurudumu. Wengine wanasema wilichea, wengine baiskeli ya mlemavu, na wengi wetu tuliotoka ng'ambo ya ziwa tumezoea kusema kigari. Jina lolote utakalolitumia, kitu ni kile kile: ni miguu ya mtu.

Pengine utasema, "Mwalimu, kwetu hakuna mlemavu, hii haituhusu." Subiri kwanza. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Kuna aliyeanguka kwenye mchikichi akavunjika mgongo. Kuna aliyepigwa risasi vitani. Kuna aliyepata polio utotoni, kuna aliyegongwa na pikipiki, na kuna babu aliyelala mzima akaamka amepooza upande mmoja. Hakuna kati yao aliyepewa taarifa mapema.

Mimi ni mwalimu, si daktari. Lakini jambo hili linafika mpaka darasani. Ukiona mtoto anakosa shule kila siku ya mgao, uliza. Mara nyingi utaambiwa, "Anamsukuma bibi yake." Au kaka amebaki nyumbani kwa sababu mama hawezi peke yake kumbeba mdogo wake hadi chooni. Basi kiti kibaya hakimfungi mtu mmoja tu, kinafunga wawili. Anayekaa hatoki bila msukumaji, na msukumaji hasomi. Ndiyo maana nasema kiti kizuri ni kile kinachomwezesha mwenyewe kwenda bila kusubiri mtu, hata kama ni hatua chache tu.

KWANZA, MUULIZE MWENYEWE

Mtu mwenye ulemavu akifika kituoni, mara nyingi tunamuuliza mama yake, "Anataka nini?" Wakati yeye yupo pale, ana masikio na ana mdomo. Muulize yeye: Unataka kwenda wapi? Shuleni? Kanisani au msikitini? Sokoni kuuza? Unakaa kwenye kiti saa ngapi kwa siku? Unalala wapi, unaoga wapi? Jibu lake ndilo linachagua kiti.

Mfano, kuna ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Sisi Wakongo tunaijua vizuri. Kwa miaka mingi pale mpakani kati ya Goma na Gisenyi watu wenye ulemavu walionekana na baiskeli hizo zimejaa mizigo, wanavuka na kurudi, wanalisha familia zao. Kinshasa nako walikuwepo wanamuziki wa Staff Benda Bilili. Wengi wao walipata polio wakiwa watoto. Walitembea mjini kwa baiskeli hizo, wakatoa albamu mwaka 2009, na filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa, mwaka 2010. Benda Bilili kwa Kilingala ni kama kusema, angalia zaidi ya kile kinachoonekana kwa nje.

Lakini baiskeli hiyo haifai kila mtu. Inataka mikono yenye nguvu na mwili unaoweza kukaa wima wenyewe. Ni nzuri kwa safari ndefu, ila haiingii ndani ya nyumba zetu wala chooni. Kwa hiyo kijana wa sokoni inaweza kumfaa sana, na bibi aliyepata kiharusi isimfae hata kidogo.

PILI, PIMA MTU

Hakuna anayenunua viatu bila kujua namba ya mguu. Mbona kiti tunachukua chochote kilichofika? Chukua kamba ya kupimia ya fundi cherehani. Mkalishe mtu kwenye benchi gumu, akae wima, kisha pima hivi:

Upana: Weka kitabu kila upande wa nyonga, pima katikati ya vitabu hivyo. Upana wa kiti uwe karibu sawa na kipimo hicho. Kiti kipana mno kinamfanya mtu alalie upande mmoja, na mikono yake haifiki vizuri kwenye magurudumu. Kiti chembamba kinambana na kumchubua.

Urefu wa paja: Pima kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, halafu punguza sentimita 3 hadi 6. Akishakaa, vidole viwili vipite kati ya ukingo wa kiti na goti. Kiti kirefu mno kitamvuta mbele, atakaa amejikunja kama kamba ya samaki wakavu.

Mguu: Pima kutoka nyuma ya goti mpaka kisiginoni. Nyayo zote mbili zikae vizuri kwenye kikanyagio, zisining'inie, wala magoti yasipande juu sana.

Na watoto? Tuna desturi ya kununua shati kubwa ili mtoto akue nalo. Kwenye kiti usifanye hivyo. Mtoto aliyewekwa kwenye kiti cha mtu mzima anaweza kupinda mgongo kabla hajakua. Mtoto ambaye hawezi kushika kichwa au kukaa wima anahitaji kiti chenye vishikizo maalumu, kilichotengenezwa kwa ajili yake. Usimfunge kwa khanga kifuani au shingoni. Akiteleza chini, khanga hiyo inaweza kumkaba. Mpeleke kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo wamwone.

TATU, PIMA NJIA

Viti vingine vimetengenezwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali. Vinang'aa, vinakunjwa, magurudumu ya mbele ni madogo na magumu. Vilete huku kwetu kwenye udongo mwekundu wakati wa mvua, utaona. Gurudumu dogo linazama, kiti kinasimama ghafla, na mtu anaanguka kifudifudi.

Kwa njia zetu tafuta kiti chenye magurudumu ya mbele makubwa kidogo na mapana, tena yaliyokaa mbali mbele. Vipo pia viti vyenye gurudumu moja tu la mbele na mawili ya nyuma. Hivyo haviyumbi kwenye mashimo, kwa sababu magurudumu matatu yanagusa ardhi wakati wote, kama kigoda cha miguu mitatu.

Halafu uliza juu ya tairi. Tairi la upepo ni laini kwenye mawe, ila linapata pancha. Tairi gumu halipati pancha, ila linamtikisa mtu. Ukichukua la upepo, mwonyeshe fundi baiskeli wa sokoni kabla hujafurahi. Akisema, "Hii saizi ipo," umepona. Akisema hajawahi kuiona, ujue pancha ya kwanza inaweza kuwa mwisho wa kiti.

Na njia yenyewe tunaweza kuitengeneza. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, weka sentimita 12 za mteremko. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180, yaani unapungua kidogo mita mbili. Udongo, mawe na kushindilia tu, vijana wa mtaa wanamaliza kwa siku moja. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 hivi ili mikono ya mtu isichubuke.

NNE, PIMA KIMO

Hapa ndipo migongo ya akina mama inapovunjika. Mtoto wa miaka mitatu unambeba bila shida. Akifika miaka kumi na tano unambeba mara ngapi kwa siku? Kitandani, kwenye kiti, chooni, kuoga, kurudi kitandani.

Katika hospitali kubwa na katika nyumba za nchi tajiri kuna mashine za kunyanyulia. Mtu anakaa kwenye kitambaa imara kama machela, mwingine anapiga pampu au anabonyeza kitufe, na mashine inamwinua polepole. Sisi hatuna mashine hizo majumbani. Na tafadhali, mtu asifunge kamba kwenye paa la nyumba akidhani ametengeneza mashine! Paa zetu hazikujengwa kubeba mtu.

Sisi tuna njia nyingine, nayo ni kusawazisha kimo. Pima kiti kutoka chini mpaka juu ya mto wa kukalia. Tuseme ni sentimita 50. Basi inua kitanda kwa matofali au kwa miti imara kifike sentimita 50. Tengeneza kiti cha choo chenye tundu, nacho kiwe sentimita 50. Vitu vikiwa kimo kimoja, mtu mwenye mikono mizima hahitaji kubebwa. Anaweza kusogea kutoka hapa kwenda pale.

Mwombe seremala ubao wa kuhamia. Ni ubao imara wa urefu wa sentimita 60 au 70, uliopigwa msasa mpaka ukawa laini kabisa bila vibanzi. Sogeza kiti karibu na kitanda, funga breki zote mbili, weka ubao kama daraja, na mwenyewe ajisogeze taratibu kwa mikono. Asijiburute, maana kujiburuta kunachuna ngozi. Siku za kwanza simama karibu naye. Mazoezi yakikubali, hiyo ndiyo siku mama anapumzika na kijana anakuwa kijana.

Kama ni lazima kumbeba, wawe watu wawili. Mmoja nyuma, mmoja kwenye mapaja. Pigeni magoti, msikunje mgongo. Mwambieni kwanza, halafu yeye mwenyewe ahesabu moja, mbili, tatu. Aliyepooza upande mmoja usimvute mkono ule dhaifu, bega litateguka.

USISAHAU MTO

Mtu asiyesikia maumivu makalioni hawezi kujua kwamba ngozi yake inaoza. Vidonda vya kukaa au kulalia vinaanza kama doa tu, kisha vinaingia mpaka kwenye mfupa, na vinaweza kuua. Kwa hiyo kiti bila mto ni kiti nusu. Mto uwe wa sponji nzuri iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Sponji iliyolala kama chapati haifai tena, omba nyingine.

Tena, kila baada ya nusu saa hivi au mapema zaidi, ainame mbele kifua kielekee magotini, au aegemee upande huu na baadaye upande ule, damu ipite. Asubuhi na jioni kagua ngozi kwa kioo. Ukiona doa ambalo haliondoki, asikalie pale, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri liwe kidonda.

ULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya viti vinavyosukumwa kwa mikono katika nchi zenye uwezo mdogo. Mwongozo huo unataja hatua nane, na kukabidhi kiti siyo mwisho. Mtu anapimwa, anachaguliwa kiti, kinarekebishwa mwilini mwake, anafundishwa kukitumia, na baadaye anafuatiliwa. Mwaka 2023 shirika hilo likatoa mwongozo mpya. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 20 juu ya haki ya mtu kutembea kwa kujitegemea kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo kuuliza siyo kukosa shukrani.

Ukienda kuomba kiti, uliza haya kwa heshima: Je, mtampima? Mto upo? Atafundishwa na nani? Kikiharibika tunakipeleka wapi? Kikiwa hakimtoshi, tunaweza kukirudisha?

Na kikishafika nyumbani, kitunze. Kila wiki futa matope, kaza nati, jaza upepo, angalia breki kama zinashika. Tia mafuta kidogo pale panapozunguka. Usiku kiingie ndani kisinyeshewe. Tena kisigeuzwe kuwa toroli la kuni na madumu ya maji, jamani! Tumeona kiti kimevunjika kabla ya miezi mitatu, na mwenyewe amerudi mkekani.

Kazi ya mwezi huu ni ndogo. Kama una mtu wa kiti nyumbani, pima kitanda chake na pima kiti chake, uone vinapishana sentimita ngapi. Kama huna, angalia njia ya jirani yako mwenye kiti, kuna shimo gani ambalo vijana wako wanaweza kulifukia Jumamosi. Wanafunzi wangu wa darasa la sita, ninyi mtaniletea vipimo kwenye daftari la hesabu. Tutafanya zoezi la mteremko, moja kwa kumi na mbili, na safari hii jibu litajengwa.

Kwaherini mpaka mwezi ujao, Mungu akipenda. Salamu kwa wote mnaosukuma, na zaidi kwa ninyi mnaojisukuma.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.