Pikipiki Kongwe na Ufundi wa Kubahatisha

Ipo desturi iliyoenea katika karakana zetu, za mijini na za vijijini. Pikipiki ikikataa kuwaka, fundi hubadilisha plagi. Isipowaka, hubadilisha koili. Isipowaka tena, mwenye chombo hutumwa dukani kununua kabureta. Na mwisho wa juma amelipia vipuri vitatu, ilhali kilichoharibika ni waya mmoja uliokatikia ndani ya ganda lake. Desturi hii tumezoea kuiita ufundi. Kwa maoni yangu ni bahati nasibu, na hasara yake haikomei mfukoni mwa mwenye pikipiki. Vipuri viwili vikibadilishwa kwa pamoja na injini ikawaka, hakuna ajuaye ni kipi kilichoiponya. Basi siku nyingine tatizo lilelile likirudi, watu wataanza tena kutoka mwanzo, kana kwamba hawajapata kuliona.

Hatuna budi kusema kweli: lawama si ya fundi peke yake. Mteja wetu hulipa kwa moyo mkunjufu kitu anachokiona kikitoka katika boksi, lakini hukataa kulipia saa moja ambayo fundi ameitumia kupima na kufikiri. Maadamu kufikiri hakulipwi, fundi atauza vipuri.

Nachagua pikipiki kongwe kuwa mfano kwa sababu bado zipo nyingi, na kwa sababu wanaozitegemea ni watu ambao hawana chombo cha pili: mganga wa zahanati, bwana shamba, mwalimu wa shule iliyo mbali na lami. Tuitazame moja, Honda CG125, ambayo ilitoka mwaka 1976. Wahandisi wake walikuwa wamechunguza namna pikipiki zinavyotumiwa katika nchi zinazoendelea, wakaona kwamba oili haibadilishwi kwa wakati na kwamba kemshafti iliyowekwa juu ya silinda huumia upesi kwa kukosa oili safi. Kwa hiyo waliishusha kemshafti chini, wakaiendesha kwa meno ya gia badala ya cheni, na valvu zikafunguliwa kwa fimbo ndefu zinazosukuma kutoka chini. Kwa vipimo vya mbio huo ni mtindo wa kizamani. Kwa barabara zetu ni hekima, na viwanda vya China viliuiga mtindo huo mpaka leo pikipiki nyingi zinazobeba abiria Afrika Mashariki zina injini ya ukoo huo, ijapokuwa majina yaliyobandikwa kwenye tangi ni mengine kabisa.

Injini ya petroli haiombi mambo mengi. Yataka mchanganyiko wa petroli na hewa, mgandamizo, na cheche, tena cheche itokee kwa wakati wake. Mambo haya yaweza kupimwa moja moja, bila kununua chochote. Mpira wa petroli ukichomolewa kwenye kabureta na koki ikifunguliwa, petroli hutiririka au haitiririki. Plagi ikitolewa, ikarudishwa kwenye kofia yake na kugusishwa chuma cha injini, ukipiga kiki cheche huonekana au haionekani. (Mwalimu ahakikishe kwamba plagi hiyo iko mbali na tundu la silinda, wala hapana petroli iliyomwagika karibu, mvuke wa petroli hausubiri maelezo.) Mgandamizo nao waweza kukisiwa kwa kidole gumba juu ya tundu la plagi, na ukiwa hafifu lipo jaribio zuri sana: tia kijiko kimoja cha chai cha oili ndani ya silinda, kisha upime tena. Mgandamizo ukipanda, ringi au silinda zimelika, kwa maana oili imeziba upenyo kati yao kwa muda. Usipopanda, hewa yapitia kwenye valvu au kwenye gasketi ya kichwa. Kijiko kimoja cha oili kimetenga matengenezo mawili yenye gharama tofauti kabisa.

Walakini raha ya kazi hii, na mafunzo yake, imo katika yale matatizo yanayofanana kwa nje. Chukua mfano huu. Pikipiki yawaka vizuri asubuhi, yaenda kilomita kadhaa, halafu yazimika yenyewe. Mwenye chombo asimama kando ya njia, angoja dakika kumi, apiga kiki, yawaka tena kana kwamba haikuwa na neno. Baada ya kitambo yazimika tena. Fundi wa kubahatisha atasema mara moja kwamba ni kabureta. Mwanafunzi wa fizikia yafaa aulize: ni vitu gani vinavyoweza kujirekebisha kwa kungoja tu?

Viko viwili hasa. Cha kwanza ni kitundu kidogo cha hewa kilicho katika kifuniko cha tangi. Kikizibwa na vumbi au kutu, petroli inayoshuka huacha nafasi ambayo hewa haiwezi kuijaza. Kanieneo ndani ya tangi hupungua, na hatimaye petroli hukoma kushuka. Ukingoja, hewa hujipenyeza polepole na mambo hurudi kama kawaida. Cha pili ni koili. Waya zake nyembamba zikipata moto hutanuka, na palipo na ufa mdogo katika waya au udhaifu katika kihami chake, umeme hukatika au huvuja. Zikipoa hushikana tena. Dalili ni ileile, kingojeo ni kilekile, lakini chanzo kimoja ni cha hewa na kingine ni cha umeme.

Namna ya kuvitofautisha haigharimu hata senti. Pikipiki ikizimika, usingoje. Fungua kifuniko cha tangi papo hapo na usikilize. Hewa ikiingia kwa mluzi, na injini ikawaka mara moja, kosa ni la kifuniko, na sindano ya kushonea yatosha kuwa kipuri. Isipowaka, itazame cheche wakati injini ingali moto, wala si baada ya kufika nyumbani na kupoa. Kwa maana koili ya namna hiyo ikipimwa baridi hujitetea vizuri mno. Hapa ndipo kijana anapoona kwa macho yake maana ya nadharia mbili zinazoshindana, na maana ya jaribio linaloangusha moja na kuacha nyingine. Sijaona mfano ulio bora zaidi katika vitabu vyetu vya kidato cha kwanza, vinavyoeleza hatua za uchunguzi wa kisayansi kwa kuziorodhesha tu.

Sasa tuje kwenye vipuri vyenyewe, kwani ukweli ni kwamba chombo kongwe hatimaye hudai kitu kipya. Kilio kinachosikika kila mahali ni kwamba vipuri vya pikipiki za zamani havipatikani. Kilio hicho ni kweli kwa sehemu, na sehemu kubwa yatokana na kutafuta kipuri kwa jina la pikipiki badala ya kukitafuta kwa namba na kipimo chake.

Tuanze na beringi. Beringi ya gurudumu haijui kama imo ndani ya pikipiki, pampu ya maji au mota ya umeme. Ubavuni mwake pameandikwa namba, mathalani 6203. Namba hiyo hufuatwa dunia nzima, na maana yake ni tundu la milimita 17, upana wa nje milimita 40 na unene wa milimita 12. Beringi 6202 ni 15, 35 na 11. Beringi 6301 ni 12, 37 na 12. Tarakimu mbili za mwisho hueleza tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 namba huzidishwa kwa tano. Herufi zinazofuata pia zina neno: 2RS ni beringi iliyozibwa kwa mpira pande zote mbili, nayo yafaa kwa gurudumu linalopita matopeni. Mwenye kujua haya hatazunguka maduka ya pikipiki siku nzima akiuliza beringi ya Honda ya mwaka fulani. Ataingia duka lolote la beringi, ataje namba, na aondoke. Namba ikiwa imefutika, kalipa ya venia itaisoma upya, na hapo ndipo kipimio hicho ambacho wanafunzi wengi hukishika siku ya mtihani tu kinapopata kazi.

Cheni nayo ni hivyo hivyo. Cheni 428 na cheni 420 zina umbali uleule wa milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, ila 428 ni pana zaidi. Sili za oili aghalabu huandikwa vipimo vitatu, yaani tundu, upana wa nje na unene. Plagi zahitaji tahadhari zaidi. Kwa kampuni ya NGK, namba ya joto ikiwa kubwa plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion mambo ni kinyume. Muuzaji anayekwambia kwamba nane ni nane amekuuzia maafa, kwani plagi iliyo moto kupita kiasi yaweza kuiwasha petroli kabla ya cheche na kutoboa pistoni.

Kwa vipuri vinavyotengenezwa kwa aina moja tu ya injini, namba za kiwanda zina lugha yao. Namba za Honda zina mafungu: fungu la kwanza la tarakimu tano hueleza kipuri ni nini, na kwa pistoni ya kipimo cha kawaida ni 13101, fungu la kati hueleza ni kwa ajili ya chombo gani kipuri hicho kilichorwa kwanza. Ukiona fungu la kati si la pikipiki yako, usidhani umekosea: huenda kiwanda kilitumia kipuri hicho katika pikipiki mbili au tatu, na ile nyingine yumkini ndiyo iliyojaa vipuri sokoni. Injini nyingi za Kichina nazo zimechongwa alama kama 156FMI. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda. 56 ni upana wa silinda kwa milimita. F ni kupozwa kwa hewa. M ni pikipiki. Na I ni daraja la ujazo, yaani sentimita za ujazo 125. Alama 162FMJ ni ya silinda ya milimita 62 na ujazo wa 150. Alama hizi haziondoi haja ya kutazama: injini mbili zenye alama moja zaweza kutofautiana kichwani, moja ikiwa na fimbo za kusukuma valvu na nyingine ikiwa na cheni.

CG125 ya mwanzo ina silinda ya milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, wanafunzi wakikokotoa ujazo wake watapata sentimita za ujazo 124 na ushei. Silinda hiyo ikilika haitupwi. Hupanuliwa kwa mashine ya kukereza na kutiwa pistoni iliyozidi kwa milimita 0.25 au 0.50. Nafasi ya valvu zake ni milimita 0.08, karibu sawa na unene wa karatasi. Nafasi hiyo ikiisha kabisa, valvu haifungi sawasawa, na injini ikipata moto hukataa kuwaka. Nimeona pikipiki iliyonunuliwa kabureta mbili kwa kosa ambalo lingemalizwa kwa spana moja na kipimio cha bapa.

Wapo wanaosema kwamba mazungumzo haya yote ni ya kupoteza wakati: pikipiki mpya hazina bei kubwa, zinunuliwe, na kongwe ziende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hoja yao ina uzito kwa zile zinazochoma oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa buluu nyuma yake, hizo sizitetei. Tena viko vitu ambavyo mimi nakataa visibuniwe karakanani kwa gharama yoyote, kama vile viatu vya breki, ekseli na spoku za gurudumu. (Tukitaja breki: vumbi la breki za miaka ya nyuma lisipulizwe kwa mdomo, kwa kuwa bitana zake nyingi zilitiwa asbestosi.) Lakini pikipiki mpya itakuwa kongwe baada ya miaka michache ya barabara zetu, na ikifika kwa fundi yuleyule wa kubahatisha itatupwa mapema kuliko hii ya zamani.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari. Ni jambo jema. Hofu yangu ni kwamba injini itapelekwa kwenye mkondo huo, na mwanafunzi wa fizikia ataendelea kuchora mizunguko ya umeme ambayo haijapata kuharibika. Nashauri kila shule itafute pikipiki moja iliyokufa. Isinunuliwe iliyo nzima, kwani iliyo nzima haiulizi maswali. Mwalimu atie kosa moja kwa siri, vikundi vitafute, na alama zitolewe kwa mpangilio wa majaribio hata kama injini haikuwaka. Kila pikipiki iwe na daftari lake: tarehe, dalili, kilichodhaniwa, kilichopimwa, kipimo kilichopatikana, namba ya kipuri kilichotiwa. Na mwanafunzi aliyeandika “koili imebadilishwa” bila kipimo chochote kabla yake arudishwe uani na koili ile ya zamani, akaipime ikiwa baridi, kisha aipime tena ikiwa moto.