Kilimani inajengewa wapita njia
JICHO LA JUMAPILI
Na Rehema Mutiso

Mtu yeyote mwenye akiba kidogo Nairobi siku hizi hupewa ushauri uleule: nunua fleti ya chumba kimoja Kilimani, tia sofa, televisheni na mashine ya kahawa, ikodishe kwa usiku, mkopo utajilipa. Madalali wanauza michoro kabla msingi haujachimbwa. Katika vipeperushi vyao huoni popote akitajwa mtu atakayeishi humo. Anatajwa mgeni, inatajwa faida.

Kwa hiyo nawashangaa wanaotaka tuige Barcelona. Juni 2024 meya wa mji huo, Jaume Collboni, alitangaza kwamba leseni 10,101 za fleti za watalii hazitafanywa upya zikiisha Novemba 2028. Mji wake umebanwa kati ya bahari na milima, na kodi zilikuwa zimepanda kwa asilimia 68 katika miaka kumi. Huko, fleti inayoingia mtandaoni leo ilikuwa na mpangaji jana. Hata hivyo, wachumi waliochunguza Barcelona waligundua kwamba biashara ya kukodishia watalii fleti ilipandisha kodi kwa wastani wa asilimia 1.9, na kwa asilimia 7 katika mitaa inayopendwa zaidi na watalii. Mkazi wa mitaa hiyo anaumia, hilo halina ubishi. Lakini 7 haifiki 68, na meya anajua hivyo.

Kilimani hakuna mpangaji aliyefurushwa ili mtalii aingie. Zile fleti zimezaliwa zikiwa gesti. Palipokuwa na nyumba moja ya zamani yenye ua na mijakaranda, leo kuna mnara uliojaa vyumba ambavyo jiko lake ni kaunta na hakuna pa kuanika nguo. Familia yenye watoto watatu haiwezi kukaa humo hata ikipunguziwa kodi nusu. Wakati huohuo kiwanja kimekwisha, simiti imekwisha, mkopo wa benki umekwisha, na maji ya mtaa, ambayo tayari hayatoshi, yamepata wanywaji wapya.

Nairobi ni mji wa wapangaji. Kaya tisa hivi katika kila kumi hulipa kodi. Serikali imesema kwa miaka mingi kwamba nchi inahitaji nyumba mpya 250,000 kila mwaka, na zinazojengwa ni kama 50,000. Ili kuziba pengo hilo mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri wake anaongeza kiasi hichohicho. Basi fundi wa mtaa wa Pipeline anachangia nyumba za bei nafuu kila mwezi, huku kaunti ikiidhinisha ardhi iliyo karibu na kazi, hospitali na shule ijazwe vyumba vya kulala siku mbili. Mimi ugomvi wangu uko hapo, kwenye meza inayopitisha ramani.

Kupiga marufuku peke yake hakujengi. New York ilianza kutekeleza sheria kali Septemba 2023: anayekodisha kwa chini ya siku 30 lazima awemo ndani ya nyumba, na wageni wasizidi wawili. Matangazo ya vyumba yalipungua mno, hoteli zikapandisha bei, na kodi za wakazi hazikushuka. Uhaba wa nyumba New York ni mkubwa kuliko Airbnb, kampuni ya mtandaoni ya kukodishia wageni nyumba ambayo, kwa kejeli ya mambo, chanzo chake ni vijana wawili wa San Francisco waliotandika magodoro ya upepo sebuleni mwaka 2007 kwa sababu kodi ilikuwa imewashinda.

Wala sisemi kila mwenye kukodisha ni adui. Mjane wa Lang'ata anayempa mgeni chumba kilichoachwa na wanawe asisumbuliwe. Anayenunua fleti kumi na kuajiri kijana wa kugawa funguo anaendesha hoteli, na alipe kama hoteli. Majirani zake nao wana haki ya kujua nani analala nyuma ya ukuta. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa katika vyumba vya namna hii hapa Nairobi, ndipo serikali ikakumbuka kuwataka wenye vyumba hivyo wajisajili. Usajili huo uorodheshe kila fleti kwa jengo na namba ya mlango, na hesabu yake iwekwe wazi kwa wakazi.

Kisha mjenzi atamke mapema, anapoomba kibali: hizi ni nyumba za kuishi au malazi ya wageni? Akisema malazi, apewe masharti ya hoteli, ya maji, maegesho na usalama. Akisema nyumba, ziwe na vyumba ambavyo familia inaweza kuishi, na asije mwaka wa pili akageuza kauli.

Kiwanja kinapobadilishiwa matumizi, tangazo hubandikwa pale langoni na kuchapishwa gazetini, na umma hupewa siku za kutoa pingamizi. Wengi wetu tunalipita. Ukiliona mtaani kwako, lisome, kisha uandikie kaunti na mwakilishi wadi wako uwaulize jengo hilo linamjengea nani.