MASEGA YA GARI NA MAPAFU YA JIRANI



Katika gereji zetu imezuka desturi inayostahili kukemewa bila woga. Mwenye gari kuukuu hulalamika kwamba gari limekuwa zito mlimani. Fundi huingia uvunguni, hukata bomba la moshi, hutoa masega, kisha huunganisha bomba tupu. Mwenye gari huondoka akifurahia mngurumo mpya, nayo masega huuzwa kwa ajili ya madini yake. Wawili wamepata. Je, aliyelipa ni nani?

Masega ni kauri yenye vitundu vingi mithili ya sega la nyuki, iliyopakwa utando mwembamba wa madini ya thamani, yakiwemo platini na paladi. Moshi upitapo humo, sehemu kubwa ya sumu zake hugeuzwa kuwa mvuke wa maji, naitrojeni na kabonidayoksaidi. Sumu mojawapo ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huinyima damu uwezo wa kubeba oksijeni.

Wapo wasemao: "Gari langu limepata nguvu." Hatubishi, masega yaliyoziba huikaba injini. Lakini yameziba kwa nini? Mara nyingi injini inakula oili, au plagi hazichomi sawasawa, petroli ikaungulia ndani ya masega hata yakayeyuka. Kuyang'oa ni kumziba mdomo mgonjwa anayekohoa badala ya kumtibu kifua. Ugonjwa wa injini unabaki palepale, ila sasa uchafu wake wote unamwagwa barabarani. Masega mazima hupunguza nguvu kidogo mno, ambayo dereva wa kawaida haihisi.

Wapo pia wasemao: "Masega mapya ni ghali, mtu wa kipato cha chini afanyeje?" Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, plagi zikibadilishwa mapema, gharama hiyo kubwa huepukika. Tena aliye mnyonge zaidi ni yule asiye na gari kabisa: mama lishe anayepika kando ya kituo cha daladala, na mtoto aendaye shule kwa miguu. Hao hawakuulizwa.

Tusiwasahau wakubwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na takriban asilimia 40 yalikuja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi walikuta mengine yameng'olewa masega kabla ya kupakiwa melini. Ni dhuluma. Lakini tutawalaumuje, ilhali sisi tunakata hata yale yaliyofika salama?

Kufikia mwaka 2006, Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa imeacha petroli yenye risasi, ambayo huharibu masega. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa kila mkazi haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mafuta yanafaa na sheria ipo. Kilichopungua ni dhamiri.

Viongozi wa walei, anzeni na magari yenu wenyewe.

Maswali kwa jumuiya ndogo ndogo:

1. Je, gari langu lina masega?
2. Nani huvuta moshi wake kila siku?
3. Tutawaambia nini mafundi walio miongoni mwetu?