Biharusi, kodi inaisha lini?



Sisi wa cherehani tunasikia mengi. Biharusi akija kupimwa gauni anajua rangi ya sare, idadi ya wageni, nani anapamba ukumbi na nani anamchora hina. Ukimuuliza wanakwenda kukaa wapi, anasema mwenyewe keshapata nyumba ya kukodi. Kwa nani, kodi imelipwa mpaka lini, hajui. Anaona kuuliza ni kumfatilia mume hata kabla hajaolewa.

Kwetu sisi hiyo ni haki yake. Maskani ni juu ya mume kama chakula na nguo. Na hapa Unguja kodi aghlabu inatakiwa mbele, miezi sita au mwaka, na dalali naye anataka chake. Kwa vijana wanaoanza maisha, hizo ndizo pesa zao zote. Halafu makubaliano yanafanyika barazani kwa mdomo, kwa sababu mwenye nyumba ni mtu wa heshima na kudai karatasi ni kama kumdhania vibaya. Jamani, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Kodi ya mwaka mzima tunaionea haya ya nini?

Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha: majina, kiasi, siku ya kuanza na kumaliza, taarifa ya kuhama itolewe muda gani kabla, mita ya Tukuza ni yenu peke yenu au mnachangia, maji analipa nani, karo likijaa nani anaita gari la kunyonya. (Hili la karo limevunja ujirani mwingi kuliko tunavyokubali kusema.) Wekeni mashahidi, sheha ajue mmehamia, na kila mkilipa mpewe risiti, hata ya mkono.

Ulizeni na nyumba ni ya nani. Nyingi ni za mirathi ambayo haijagaiwa. Ndugu mmoja anapokea kodi, baada ya miezi mitatu anatokea mwengine anasema hakushirikishwa, watu watoke. Nyinyi mmeshapaka rangi na kuingiza samadari.

Wenye nyumba nao, wengine wakishapokea kodi bado wanapita mpaka uani bila hodi, mke yumo kichwa wazi. Ukishaikodisha, ile ni sitara ya watu. Bisha hodi, ungoje kuitikiwa. Lakini wapangaji pia tusijitakase. Kuna mama mjane anayekula kwa kodi ya vyumba viwili tu, na mtu anamhama usiku na deni la miezi minne, au anaingiza wageni wa kudumu bila ya idhini. Hiyo ni dhuluma, hata kama mwenye nyumba ana maghorofa.

Lililotusukuma kuandika hasa ni eda. Mwanamke aliyeachwa talaka rejea anakaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, wala hatolewi, Suratut-Talaq iko wazi. Aliyefiwa ana miezi minne na siku kumi. Sasa kodi ikiisha katikati, na karatasi ina jina la mume peke yake au hakuna karatasi kabisa, mwanamke anaambiwa yeye hatambuliki hapo. Tunao wateja waliorudi kwa mama zao na masanduku, eda haijesha.

Kwa hivyo jina la mke liwemo kwenye mkataba. Na iandikwe kwamba pakitokea kifo au talaka ataachwa amalize eda yake, kodi ikiendelea kulipwa. Mwenye nyumba hapotezi kitu. Na kaka zetu mnaosoma haya kwenye simu za wake zenu, kodi ya siku za eda ya rejea ni juu yenu, si juu ya baba wa mwanamke.