Uvira: Sifa za mwalimu bora na gharama anayoibeba mwenyewe

Kila Aprili 30, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo huadhimisha siku ya elimu, na hotuba hurudia sifa zile zile za mwalimu bora: uvumilivu, nidhamu, maandalizi, upendo kwa mtoto. Mjini Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, sifa hizo zina gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mwalimu mwenyewe.

Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, iliyoahidiwa na katiba ya 2006. Mchango wa wazazi uliojulikana kama "prime" ukafutwa. Wazazi walipumua, madarasa yakafurika. Lakini mchango huo ndio uliowalisha walimu wengi ambao hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na wengine wao bado wanasubiri. Anayeuza ndagala jioni ili apate unga hana muda wa kuandaa somo la kesho. Kumhubiria huyo kuhusu maandalizi ni kejeli.

Hata hivyo, mshahara pekee haumfanyi mtu kuwa mwalimu. Ugumu mwingine, ambao viongozi huutaja kwa nadra, ni lugha. Mtoto wa Uvira anaweza kuzungumza Kifuliiru, Kivira au Kibembe nyumbani na Kiswahili sokoni, kisha mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ukamsubiri kwa Kifaransa. Mwalimu aliyebobea katika Kifaransa lakini asiyeweza kulieleza somo kwa Kiswahili cha mtoto huishia kuufundisha ubao. Anayeng'ang'ania Kiswahili hadi darasa la sita naye humpeleka mtoto mtihanini mikono mitupu. Ustadi uko katika kujua ni lini kuvuka, na pamoja na nani, maana watoto hawavuki siku moja. Hilo linahitaji kumfahamu kila mmoja wao, jambo gumu sana katika darasa lililofurika, na si rahisi mkaguzi kulinasa kwa ziara ya asubuhi moja.

Kufahamiana huko huchukua miezi, na Uvira haijapewa miezi mingi ya utulivu. Aprili 2020 mafuriko ya mto Mulongwe yaliua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, kisha siku chache baadaye wakatangaza kujiondoa. Makumi ya maelfu ya wakazi walikuwa wamekimbilia Burundi. Kwa mtoto anayerudi baada ya misukosuko kama hiyo, kumkuta mwalimu yule yule ni sehemu ya masomo yenyewe.

Ndiyo maana orodha ya mishahara inayoshughulikiwa Kinshasa ni suala la ubora, si la uhasibu tu. Mwalimu asiyelipwa akiamua kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Fizi, anayechukua nafasi yake huanza upya kuulizia nani anazungumza nini nyumbani.