Kabla ya kuuzisha Fuso ya koperative, tuulize juu ya nini inasimama

Katika koperative nyingi za Masisi na Walikale kuko swali moja linalorudi kila mwaka baada ya mavuno: ile gari yetu ya zamani, tuendelee nayo ao tuitafutie ingine? Wanaotaka kuibakiza wanasema: «Iko natembea, iko natulisha, juu ya nini tuitupe?» Wanaotaka kuibadilisha wanajibu: «Inatukula sisi. Kila mwezi pyesi, kila mwezi fundi.» Mkutano unagawanyika, watu wanapiga kura kwa moyo, na mara nyingi mwenye sauti kubwa ndiye anapita.

Sisi tunaoandika jarida hili tunafuatana na koperative hizo, na wazo letu tunalisema wazi: umri wa gari hautoshi kuamua. Kinachoamua ni sababu inayofanya gari isimame. Koperative nyingi hazijui sababu hiyo, kwa kuwa hakuna mtu anayeiandika.

Gari inaishi kwa magunia

Tuchukue mfano. Hesabu hizi ni za kujifunza tu. Kila koperative iweke bei zake.

Fuso ya zamani inashuka Goma mara 40 kwa mwaka, kila safari magunia 50 ya viazi. Jumla ni magunia 2 000. Mazuti yanakula dola 4 000, shofere na konvoyeri 2 400, pyesi na fundi 3 600, karatasi na bareria 2 000. Yote pamoja ni dola 12 000, ni kusema dola 6 kwa gunia. Kama wenye malori wanaomba dola 7 kwa gunia, basi gari hiyo ya zamani inawafaa wanamemba, hata kama rangi imetoka na mlango unafungwa na kamba.

Mwaka unaofuata Fuso inafanya safari 25 tu, magunia 1 250. Mazuti yanashuka mpaka 2 500, karatasi na bareria 1 600. Lakini shofere na konvoyeri wanalipwa ileile 2 400, na pyesi zinapanda mpaka 5 000. Jumla dola 11 500. Sasa gunia moja linabebwa kwa dola 9,20. Hapo mkutano mzima unapaza sauti: tuuzishe!

Ngojeni kwanza, tupige hesabu ya ile inayokuja. Tuseme tunapata okazyo ya dola 24 000, na itatumika miaka 6. Maana yake kila mwaka dola 4 000 za bei yake zinakwisha, hata siku ambazo haijatembea. Ikibeba magunia 2 000, pyesi zikishuka mpaka 1 600, matumizi ya mwaka ni 10 000, tuongeze 4 000 za bei yake: dola 7 kwa gunia. Ni sawasawa na kukodisha. Lakini ikibeba magunia 1 250 tu, hata pyesi zikiwa 1 000, tunafika tena dola 11 500. Tukigawanya, tunapata dola 9,20 kwa gunia. Ni bei ileile ya gari iliyotuchosha! Hata tukiuzisha ya zamani kwa dola 6 000 na kuzitia katika bei ya mpya, gunia linashuka mpaka 8,40 tu, bado liko juu ya 7 ya kukodisha.

Mfano huu unatufundisha kwamba gari inaishi kwa magunia kuliko kwa mazuti. Magunia yakikosa, ya zamani inatula, na mpya inatula vilevile.

Siku tatu za kusimama

Kwa hiyo tunaomba kila koperative ifungue daftari ya gari yenye nafasi tatu. Kila siku ambayo gari imesimama, shofere na mtunza sanduku waandike sababu: fundi, barabara, ao mzigo.

Siku za fundi ni zile gari iko garaji ao inangojea pyesi. Kama ndizo nyingi, na magunia yalikuwa tayari kwenye depo yakioza, basi kubadilisha gari kuko na maana. Gari nzima itarudisha yale magunia 750 yaliyopotea, na bei itashuka.

Siku za barabara ni zile za matope, daraja lililovunjika, ao mapigano. Gari mpya haitafanya kitu hapo. Itazama katika matope yaleyale, ila itazama na dola 24 000 zetu.

Siku za mzigo ni zile gari iko nzima, barabara iko wazi, lakini depo haina kitu. Hapa tuseme ukweli bila kuogopana. Mara nyingi viazi ao maharagi yalikuwako, lakini mwanamemba aliuzishia mchuuzi palepale shambani, kwa sababu mchuuzi analipa leo na koperative inalipa baada ya wiki tatu. Mama mwenye kutafuta pesa ya masomo ya watoto hawezi kungojea. Ugonjwa huo hautibiwi na lori. Unatibiwa na pesa ya kulipa mkulima siku anapoleta gunia. Koperative inayotumia akiba yake yote kununua gari inajinyima pesa hiyo, na kisha inashangaa gari inakosa mzigo.

Masisi haiko Walikale

Tusidanganyane pia kwamba jibu moja linafaa kila mahali. Masisi ni milima. Kutoka Mushaki mpaka Sake gari inateremka sana, na mzigo wake ni viazi, maharagi, mboga na formaji. Formaji inavumilia siku kadhaa njiani, viazi vilivyolowa havivumilii. Lakini Masisi iko na chukudu na pikipiki, vinavyoweza kutoa mzigo katika vilima mpaka kwenye depo ya kando ya barabara kubwa. Koperative inayokusanya vizuri kwenye depo inaweza kukodisha lori kwa siku zilizojulikana, na siku zingine isilishe gari isiyofanya kazi.

Walikale ni pori, mvua nyingi, na umbali. Barabara ya taifa namba 3, inayotoka Bukavu ikipita Hombo na Walikale kuelekea Kisangani, iko na sehemu ambazo wakati wa mvua lori linalala siku nyingi. Mafuta ya mawese yanaweza kungojea ndani ya bidoni, ndizi haziwezi. Kule wenye malori ni wachache na bei wanaipanga wao. Hapo koperative yaweza kuwa na haki ya kushikilia gari yake hata ikiwa ghali kidogo, kwa kuwa bila gari hiyo bei ya kukodisha ingepanda zaidi. Hiyo nayo iandikwe na ijadiliwe, isibaki maneno ya mdomo tu.

Tena kuko jambo la vita, ambalo sisi wote tunalijua. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 benki za Goma zilifunga milango. Mwezi wa tatu mapigano yalifika mpaka Walikale-centre. Gari ni mali inayoonekana mbali. Mali yote ya koperative ikiwa gari moja, usiku mmoja unatosha kuimaliza. Pesa nayo ikiwekwa mahali pamoja inaweza kufungiwa. Ndiyo maana tunapenda koperative igawanye: sehemu ya pesa ya kulipa wakulima, sehemu ya akiba, na sehemu ya pyesi zilizonunuliwa mapema wakati barabara iko wazi, kama pine, filta na resori. Pyesi iliyo kwenye depo inaokoa wiki nzima ya kungojea.

Mahali ambapo hatupigi kura

Kuko kesi moja ambayo daftari haina kazi. Kama freni hazishiki vizuri, ao chasi imepasuka na kuunganishwa mara nyingi, gari hiyo isimame leo. Sisi wote tunajua kwamba juu ya magunia kunapanda watu: mama wa soko, wanafunzi, mtoto mgongoni. Kilima cha Mushaki hakisameheshi freni mbaya. Hata ikiwa gunia linabebwa kwa dola 3, hakuna mwanamemba anayeweza kusema hiyo ni bei rahisi.

Na gari ya namna hiyo isiuzishwe nzima kwa koperative jirani ambayo haijui siri yake. Iuzishwe kwa vipande: moteri kwa anayeitaka, pine kwa anayezitaka, chuma kwa wahunzi. Kumpa jirani hatari yako kwa pesa siyo ushirika.

Kwa wale ambao daftari itawaonyesha kwamba inafaa kununua, tunasema mambo mawili. La kwanza, nunueni gari ambayo mafundi wa Goma na Sake wanaifahamu na pyesi zake ziko sokoni. Gari ya ajabu isiyo na pyesi ni mapambo. La pili, muangalie usukani. Magari mengi ya okazyo yanaletwa kupitia Mombasa na Dar es Salaam, yakiwa na usukani upande wa kuume, kwa sababu Kenya na Tanzania wanatembea kushoto. Sisi Kongo tunatembea kuume. Shofere wa gari hizo anapotaka kupita lori lingine, haoni vizuri kinachokuja mbele, na kwenye kona za Masisi hilo siyo jambo dogo.

Nani atanunua ingine?

Wengine wanasema: «Tungojee mradi utatupa gari.» Tunawaelewa, kwa sababu wafadhili wanapenda gari. Gari inapigwa picha, inaandikwa jina la mradi kwenye mlango. Lakini tumeona pia kwamba mradi unaotoa gari mara chache unatoa pine za mwaka wa tatu. Gari iliyokuja bure nayo inachakaa, na siku inakufa swali linarudi palepale. Kwa wazo letu, koperative isiyoweza kuweka pembeni dola 1 kwa kila gunia haiko tayari kupewa gari.

Rudini kwenye mfano wetu. Mwaka ule mzuri, gunia lilibebwa kwa dola 6, na kukodisha ni 7. Ile dola 1 ya katikati, mara magunia 2 000, ni dola 2 000 kwa mwaka. Koperative nyingi zinaigawanya ao zinaipoteza katika mambo madogo madogo. Hiyo ndiyo gari ya kesho.

Tena msichanganye mifuko. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé mwezi wa 12 mwaka 2010 na inayotuhusu tangu Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, inataka angalau 20% ya faida safi iwekwe katika akiba ya jumla, na tena angalau 20% katika akiba ya mafundisho, mpaka kila akiba ifikie kiasi cha mtaji. Hizo ni akiba za sheria. Pesa ya uchakavu wa gari ni mfuko mwingine, na inatolewa kabla ya kusema tumepata faida. Komite inayosema «tumepata faida» bila kutoa pesa ya uchakavu inagawia wanamemba vipande vya gari yao wenyewe.

Tunachopendekeza ni kidogo. Msimu huu, msiuzishe na msinunue, isipokuwa kwa ajili ya freni na chasi. Fungueni daftari, andikeni siku za fundi, siku za barabara na siku za mzigo, pamoja na magunia na matumizi yote. Kwenye mkutano mkuu ujao mtunza sanduku asome daftari hiyo mbele ya wote, kwa sauti, hata kwa wale wasiojua kusoma. Kisha pigeni kura. Mkiona fundi ndiye aliyesimamisha gari, badilisheni bila kuihurumia. Mkiona ni barabara ao mzigo, iacheni Fuso ya wazee iendelee na kazi yake, na pesa ya okazyo ikalipe mkulima siku ileile anapotua gunia lake chini.