Nauli ya Kwenda, ya Kurudi Hakuna

Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuna tembe la makumbusho linalokumbusha Livingstone na Stanley walipofikia hapo mwaka 1872. Wengi wanaolitembelea huja na picha moja kichwani: mateka wenye minyororo shingoni, wakiswagwa hadi Bagamoyo.

Picha hiyo ni ya kweli, ila ni nusu. Katika njia hiyohiyo walipita wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliopatana ujira kabla ya kujitwisha mzigo. Jua lilikuwa moja na vumbi moja. Mpagazi akishatua pembe za ndovu pwani, alirudi kwao kulima. Mtumwa hakurudi.

Tanganyika iliufuta utumwa kisheria mwaka 1922. Mwaka 2008 Bunge la Tanzania likatunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, na jina hilo refu limewapoteza wengi. Wakisikia "usafirishaji" wanawaza lori lenye turubai na wahamiaji waliobanwa kama magunia. (Hao mara nyingi wamemlipa mtu awavushe mpaka, na hilo ni kosa jingine.) Sheria inamlenga anayemchukua, kumsafirisha au kumpokea mtu ili atumikishwe, ukahaba ukiwemo. Si lazima mpaka uvukwe. Na binti wa chini ya miaka 18 hata akisema alikubali mwenyewe, kukubali kwake hakumwokoi aliyemchukua.

Vijijini kosa hilo huanza kwa salamu nzuri. Mtu anayefahamika, pengine shangazi, anafika Februari, ghala likiwa tupu na tumbaku bado iko shambani. Ana habari za kazi Dar es Salaam: kulea mtoto, au kusaidia mgahawani. Nauli atatoa yeye. Mama mtu anashukuru, anachinja kuku, anamfungia binti kidumu cha asali ampelekee mwenyeji wake.

Mwisho wa safari, nauli ile inageuka deni. Mshahara wa kwanza unakatwa, wa pili unakatwa. Kuna chakula, kuna kitanda, kuna sare. Simu inashikwa "isije ikaibiwa". Kisha mgahawa unageuka baa, na binti anaambiwa kuna mteja chumbani atakayelipunguza deni.

Mtindo huo haukomei nchini. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilieleza Watanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti zilizuiwa, na waliotaka kuondoka walidaiwa gharama za kuletwa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 6.3 duniani walikuwa wakilazimishwa katika biashara ya ngono.

Kwa kuwa mchukuaji mara nyingi ni mtu anayefahamika, mabango ya kuonya dhidi ya "watu usiowajua" yanabisha mlango usio wenyewe. Mwenyekiti wa kijiji anayeandika barua za utambulisho kila wiki hashindwi kuandika na haya: nani anamchukua mtoto, anampeleka mtaa gani, kwa simu ipi, na nauli ya kurudi ameachiwa nani. Daftari la shule linatosha, na namba 116 ya huduma kwa mtoto iandikwe ndani ya begi la binti.

Isingojwe asubuhi. Basi la Dar es Salaam huondoka Tabora alfajiri, ofisi ya kijiji ikiwa bado ina kufuli. Daftari lije nyumbani jioni ya kuaga, kuku akiwa bado jikoni na shangazi akiwa ameketi kwenye kigoda.